Mwaka wa Mafuta na Chokaa

Tulimzika Lazaro Sinkala pale Tunduma siku ya upepo mkali, na mchungaji alipofika mahali pa kumsifu marehemu alisema kwamba mtu huyu ameshika usukani wa malori karibu maisha yake yote, na hakuna mama hata mmoja aliyelia kwa sababu yake. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, magoti yakiniuma, na sikuwa na machozi. Katika umri huu machozi huchelewa. Huja baada ya msiba kwisha, ukiwa peke yako unatafuta kiatu. Mjukuu wangu, aliyenishika mkono kwenda na kurudi makaburini, akaniuliza, "Babu, huyu marehemu mlijuana wapi?" Nikamwambia tulifundishwa kazi pamoja. "Kazi gani?" Nikaanza kumweleza, nikachoka kabla sijafika katikati. Yeye mwenyewe ni fundi wa magari, na siku hizi wana makopo ya kupuliza: moja lina rangi nyekundu inayopenya ndani ya chuma, jingine lina unga mweupe unaoivuta ile rangi itoke nje. Kazi iliyotuchukua nusu siku wao wanaimaliza huku wakichezea simu. Akasema, "Kumbe hata zamani mlikuwa mnapima nyufa?" Nikasema ndiyo, tulipima. Hayo mengine nimeona afadhali niyaandike.

Nilikuwa sijatimiza miaka ishirini nilipotoka kijijini kwetu Isansa kwenda Tunduma. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, kabla watu wa kwetu hawajaanza kulitamka neno uhuru mbele za watu. Tunduma haikuwa mji. Ilikuwa kizuizi cha mpaka, maduka machache ya mabati, vumbi, na karakana moja ya malori yaliyokuwa yakienda na kurudi Rhodesia ya Kaskazini. Mwenye karakana alikuwa Mzungu aliyeishi Mbeya, nasi tulimwona kwa nadra. Wanagenzi tulikuwa wawili, mimi na Lazaro, na tulipewa chumba kimoja nyuma ya stoo ya matairi. Kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, dirisha lisilo na kioo ambalo tuliliziba kwa gunia, na harufu ya mpira iliyoingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye maji ya kunywa. Lazaro alikuwa Mnamwanga, nusu ya ndugu zake wakiishi ng'ambo ya mpaka, hivyo Kibemba kilimtoka kama lugha ya nyumbani. Alizungumza hata akiwa na tonge mdomoni. Alitaka jambo moja tu hapa duniani, kuendesha lori, na karakana aliiona kama mlango wa kupitia kwenda kwenye usukani. Mimi sikujua ninachotaka. Niliambiwa kuna kazi, nikaenda.

Fundi mkuu wetu alikuwa Mulenga, Mbemba wa Kasama ng'ambo ya mpaka, mrefu, mwenye mgongo ulioanza kupinda, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye karakana za migodi ya shaba. Tulimwita Ba Mulenga, kwa heshima ya kwao. Mkewe, Bana Chanda, yaani mama yake Chanda, ndiye aliyetupikia mchana. Tulikula kwenye chumba chao cha mbele, tumekaa mkekani, kuta zimepakwa chokaa ileile tuliyoitumia kazini. Ugali ulikuwa wa ulezi, mweusi na mzito, pamoja na maharage, na siku nzuri samaki wakavu wa Rukwa. Baada ya chakula tulimiminiwa munkoyo, kinywaji chao kitamu cha mahindi na mizizi, kutoka kwenye jagi la bati lililobonyea. Ba Mulenga hakuwa mtu wa maneno wakati wa kula. Alisema tu, "Kuleni taratibu. Chuma kinakunywa, na ninyi kunyweni." Alikuwa na maana yake, kwa sababu saa ile tulipokuwa tunakula, vyuma vyetu vilikuwa vimelazwa kwenye pipa la mafuta, na havikutakiwa kutolewa haraka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila lori lililoletwa kukaguliwa, tulifungua vile vyuma ambavyo uhai wa watu hutegemea: vya usukani, vya magurudumu, vya breki. Tulivichemsha kwenye pipa lililokatwa nusu, kwa maji na magadi, mpaka grisi yote ikatoka na ngozi ya mikono yetu ikatoka nayo. Miezi ya kwanza Ba Mulenga hakutufundisha kingine zaidi ya kuosha. Tulipolalamika alisema uchafu ni shahidi wa uongo, na kama hatuwezi kumtoa barazani tusijidanganye kwamba tunasikiliza kesi. Chuma kikishakauka kwenye joto la moto wa kufulia chuma, tulikizamisha kwenye mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyeusi ya injini. Tukirudi kutoka kula, tulikitoa na kukifuta kwa matambara mpaka tambara safi litoke safi. Kisha tulikipaka chokaa ya Songwe, iliyochekechwa kwa kitambaa na kukorogwa na spiriti ili ikauke upesi. Tulikigonga kidogo kwa nyundo ya mti, tukakaa chini, tukatazama.

Huko kutazama ndiko kulikokuwa kazi. Chuma kizima kinabaki cheupe. Lakini kama kina ufa, hata ule ambao jicho halioni na ukucha haushiki, mafuta yaliyojificha ndani yake huanza kutoka polepole, na mstari wa kahawia unajichora juu ya ile chokaa kama unywele ulioangukia kwenye unga. Tatizo ni kwamba hata mkwaruzo wa juu juu huchora mstari. Kwa hiyo tulifuta kila kitu tukapaka upya. "Mkwaruzo una neno moja," Ba Mulenga alitufundisha. "Ukishalisema, umemaliza. Ufa hauishiwi maneno." Lazaro akamuuliza kama basi ufa ukipatikana hatuwezi kuuziba kwa kulehemu, maana wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ba Mulenga akatikisa kichwa. "Awe. Hapana. Chuma cha usukani hakizibwi. Kinatupwa."

Nakumbuka jioni moja tulikuwa tumekaa nje ya mlango wetu, tumekwisha kuoga, na sauti za Ba Mulenga na mkewe zikitujia kupitia dirisha lao. Walikuwa wanazungumza Kibemba, na Lazaro, kwa utundu wake, akawa ananitafsiria kwa kunong'ona. Bana Chanda alikuwa anasema, "Kila mahali tunapohamia, wewe unawaambia watu hapana. Unafikiri kwa nini hakuna anayekuja kutusalimu?" Nilisikia jagi likiwekwa chini. Kisha Ba Mulenga akasema, na Lazaro akatafsiri kabla hajajua anatafsiri nini, "Nimechoka, mama. Lakini nikiwaambia ndiyo, nitachoka zaidi." Baada ya hapo Lazaro hakunitafsiria tena, akaingia ndani akajilaza ameelekea ukutani. Nilidhani maneno yale yalikuwa ya mke na mume tu. Haikupita muda mrefu nikayaelewa. Madereva waliozuiwa safari walituita wachawi wa unga. Nilipokwenda dukani kununua sabuni na mikono yangu myeupe, mazungumzo yalikatika, na niligundua kwamba nimeanza kutembea nikitazama chini. Lori likivunjika njiani, watu wote wanaona. Lori lisilovunjika kwa sababu ulilizuia, nani atakuonyesha? Ni kelele za mwenye nalo tu utakazozisikia, na kelele hizo zinachosha kuliko nyundo.

Kahawa ilipoanza kuwa nyekundu mitini, lori la watu wa kwetu likaingia karakana. Wakulima wa Isansa walikuwa wamechanga kwa miaka, wakanunua lori lililokwisha kutumika, wakalipaka rangi ya kijani. Kabla ya hapo kahawa yao iliwasubiri wenye malori wa Mbeya, waliokuja walipotaka na kubeba walichotaka. Kiongozi wa wakulima alikuwa Baba Mdogo Yona, mdogo wake baba yangu, mzee wa kanisa, mtu aliyevaa koti hata jua likiwaka. Alikaa mbele karibu na dereva wa kuazima, amenyooka kama yuko ibadani. Aliponiona akatabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila siku. "Eliya mwanangu," akasema, "tumelileta kwako. Litazameni vizuri, karibuni linaanza kubeba." Kisha akamwita Lazaro, ambaye miezi ile alikuwa amekwisha kupata leseni. "Wewe ndiye Sinkala? Nimesikia habari zako njema. Wewe ndiye utakayekuwa dereva wetu." Mchana ule Lazaro hakula. Alikaa tu mkekani akizungusha bakuli lake, na Bana Chanda akamcheka akisema bwana harusi haoni njaa.

Mkono wa usukani, kile chuma kilichopinda kinachopokea amri ya dereva na kuyageuza magurudumu ya mbele, niliushughulikia mimi. Niliuosha, nikaunywesha, nikaufuta, nikaupaka. Chokaa ilipokauka nikaona mstari mahali chuma kinapokata kona, mwembamba, mfupi kuliko kidole. Lazaro alikuwa nyuma yangu. "Mkwaruzo huo," akasema upesi. Nikafuta, nikapaka tena. Tukakaa. Nje nilimsikia Baba Mdogo akiongea na wazee wenzake wawili juu ya nani aanze kubebewa, walio mlimani au walio bondeni. Mstari ukarudi. Ulirudi taratibu, mahali palepale.

Lazaro akachuchumaa mbele yangu. "Eliya, nisikilize. Atakayeshuka kilimani na lori lile ni mimi, siyo wewe. Kama mimi siogopi, wewe unaogopa nini?"

Nimelifikiria swali lile miaka mingi. Nilimwita tu Ba Mulenga. Akaja akifuta mikono, akaangalia, akapitisha ukucha, akaangalia tena. "Nani ameuona?" akauliza. Nikasema mimi. "Basi uende ukawaambie wewe, mukwai," akasema kwa neno la heshima la kwao. "Wale ni watu wako."

Walikuwa wamekaa kivulini, upande wa ukuta. Nikasimama mbele yao, mikono nyuma. "Baba, lori haliwezi kuondoka. Mkono wa usukani una ufa." Baba Mdogo hakukasirika. Aliinuka, akaja ndani, akavaa miwani, akautazama ule mstari kwa muda. "Huu?" akasema. "Huu hata uzi hauingii." Nikamwambia ufa uko ndani. Akauliza kama spea ipo. Ba Mulenga akasema haipo hapa, haipo Mbeya, itaagizwa pwani, na hajui itafika lini. Hapo mmoja wa wale wazee, Mzee Simkoko, ambaye watu wa ukoo wake walikuwa wahunzi tangu wakati sisi Wanyiha tulipoyeyusha chuma wenyewe, akacheka kwa uchungu. "Chuma nakijua tangu mgongoni mwa mama yangu. Chuma hiki ni kizima. Wenye malori wa Mbeya wamekupa nini, kijana?"

Baba Mdogo akanigeukia. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba aligeuka. "Eliya, umepewa kitu?"

"Hapana, Baba."

"Basi tuonyeshe."

Ba Mulenga akakifunga chuma kwenye jiriwa, akakikaza. Akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Kuonyesha kuna njia moja tu, ni kukipiga. Kikivunjika, hamna lori. Kisipovunjika, nimewaharibia mali yenu na kazi yangu imekwisha leo. Chagueni ninyi." Baba Mdogo akavua koti, akanipa nilishike. Akachukua nyundo kubwa mwenyewe. Pigo la kwanza lililia kama kengele na chuma kikabaki vilevile. La pili hivyohivyo. Mzee Simkoko akasema, "Nilisema mimi." Lazaro alikuwa amesimama mlangoni, midomo yake ikitembea, na nilijua anachokiomba. Mimi nilikuwa nimelikumbatia koti la baba yangu mdogo, naomba kinyume chake. Nilikuwa naomba lori la watu wangu livunjike, mbele ya macho yao, ili nisionekane mwongo. Sijawahi kuomba ombi baya kama lile kwa moyo mzima kama ule.

Pigo la tatu chuma kilikatika, kipande kikaanguka sakafuni. Mzee Simkoko ndiye aliyeinama akakiokota, akakigeuza kuelekea kwenye mwanga wa mlango. Pale kilipokatikia, sehemu ndogo ilikuwa inang'aa kama sukari, na sehemu kubwa ilikuwa nyeusi, imeshiba mafuta ya zamani. Akapitisha kidole gumba kwenye ule weusi. "Hapa kimekufa siku nyingi," akasema kwa sauti ya chini, akakiweka mezani taratibu. Nilitazamia kufurahi. Nilihisi usingizi tu, usingizi wa mtu aliyetembea tangu alfajiri. Baba Mdogo akachukua koti lake mikononi mwangu, akalivaa, akafunga vifungo vyote. "Kwa hiyo tutabeba," akasema.

Na walibeba. Wenye malori wa Mbeya walisikia kwamba Isansa wamenunua lori lao, wakawapa wengine nafasi kwanza, na kahawa ikajaa majumbani. Niliomba ruhusa kwa Ba Mulenga, nikaenda nyumbani kubeba pamoja nao. Lazaro akaja nami bila kuitwa, ingawa hakuwa na ndugu hata mmoja Isansa. Tulitoka asubuhi ya baridi ya Juni, mstari mrefu wa watu na magunia ya kahawa ya maganda vichwani, kuelekea ghala la Vwawa. Wanawake waliimba nyimbo za kanisani mpaka kilima cha kwanza, kisha zikaisha zenyewe, zikabaki pumzi. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyezungumza nami pia. Tulipopumzika mtoni, Shangazi Tabita, dada yake Baba Mdogo, alikuja akanipa kiazi kitamu kilichopoa. "Kula," akasema. "Wanasema uliona kweli. Nami naamini. Lakini mgongo wangu haujui uliona nini, wenyewe unajua gunia tu." Akaketi kando yangu, akanyoosha miguu, akafumba macho. Nilikula kile kiazi chote nikiwa sina njaa. Lazaro alikuwa upande wa pili, amelaza kichwa juu ya gunia lake. "Saa hizi ningekuwa naendesha," akasema, akitazama juu. Baada ya muda akaongeza, "Au ningekuwa nimelala korongoni na lori lile." Akacheka. Hicho ndicho kicheko pekee nilichokisikia safari ile, na kwa ajili ya kicheko kile ningembebea gunia lake mpaka leo.

Spea ilifika mavuno yamekwisha. Tukaifunga, na Lazaro akapata usukani wake, akalisogeza lile lori la kijani kutoka karakana kwa mwendo wa mtu anayebeba yai. Mwisho wa mwaka ule Ba Mulenga na mkewe walirudi Kasama. Asubuhi ya kuondoka Bana Chanda aliniachia lile jagi la bati, na Ba Mulenga akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nakuachia kazi isiyo na asante," akaniambia. "Ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea." Sikumwona tena. Nilibaki karakana ile na nyingine baada ya hiyo mpaka nilipostaafu, na nilichoka, kama alivyochoka yeye, uchovu usiotoka kwa kulala. Mke wangu aliwahi kuniambia maneno yanayofanana sana na yale ya Bana Chanda, na sikuwa na jibu zuri kuliko la Ba Mulenga.

Baba Mdogo hakulitaja jambo lile tena maisha yake yote. Kwenye harusi na misiba alinisalimia kama anavyosalimiwa karani wa kodi, kwa adabu na kwa ufupi. Lakini kila mwaka, kahawa ilipoanza kubadilika rangi, Lazaro aliingia karakana na lori, na Baba Mdogo alikuwa ndani yake. Zilikuwepo karakana Vwawa, zilikuwepo Mbeya, alikuja kwangu. Alikaa mpaka kazi ikaisha, asiulize kitu, kisha wakaondoka. Mwaka wake wa mwisho miguu ilikuwa imevimba, na Lazaro alimshusha karibu kwa kumbeba. Nilifanya kazi yangu yote akinitazama. Chokaa ilikauka, nikasubiri zaidi ya ninavyosubiri kawaida, ikabaki nyeupe.

"Hakuna kitu, Baba," nikasema. "Ni kizima."

"Na upande wa chini umetazama?"

"Nimetazama."

"Kigeuze nikione."

Nikakigeuza. Akainama kwa shida, uso wake ukakaribia kabisa kile chuma, akakaa hivyo kwa muda mrefu, nami nikisikia anavyohema. Kisha akanyoosha mkono nimshike, akainuka, akamgeukia Lazaro.

"Haya, kifungeni," akasema. "Halafu washa, twende."